Bi Faharisi na Foleni ya Saa Mbili

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho alichovaa shingoni, lakini pale mahakamani hakuna aliyelitumia. Kuanzia walinzi wa getini hadi waheshimiwa mahakimu, wote walimwita Bi Faharisi. Jina hilo alilipata katika mwaka wake wa nne kazini, siku ambayo wakili mmoja mwenye maneno mengi alidai jalada lake limepotea na akaapa kumshtaki kila mtu mpaka mfagiaji. Yeye, karani mdogo wa masjala wakati huo, hakuinua hata kichwa.

"Safu ya saba, rafu ya tatu kutoka chini," alisema. "Jalada la kijani lenye doa la chai. Na hiyo chai uliimwaga wewe mwenyewe, mwezi wa tano."

Wakaenda kuangalia. Jalada lilikuwepo, na doa la chai lilikuwepo. Wakili akafunga mdomo, wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu, na tangu siku hiyo jina likaganda.

Kwa miaka ishirini na sita masjala ile ilikuwa kichwani mwake. Kisha serikali ikaamua majalada yote yaingizwe kwenye kompyuta. Vijana walikuja na mashine za kupiga picha karatasi, wakafanya kazi miezi minane, na walipoondoka, rafu nazo ziliondoka. Kila kitu sasa kilikaa kwenye hazina kuu ya kumbukumbu, makao makuu, mji mwingine kabisa, safari ya siku nzima kwa basi. Bi Faharisi akapewa kiti, skrini na dirisha namba tatu la maulizo.

Hakuichukia kompyuta. Alichochukia ni foleni.

Kila siku saa mbili asubuhi, milango ilipofunguliwa, watu walimiminika madirishani na swali lilelile: shauri langu liko chumba gani, mbele ya hakimu gani, saa ngapi? Karani aliandika namba ya shauri, programu ya dirishani ikatuma swali makao makuu, na jibu likarudi. Siku njema, nusu dakika. Lakini saa mbili asubuhi mahakama zote za nchi zilikuwa zinauliza kwa pamoja, na jibu liliweza kuchukua dakika tatu, au lisije kabisa na skrini ikaganda kama imepigwa na butwaa. Foleni ilipinda kwenye ngazi, ikatoka nje, ikafika getini. Na saa tatu kamili mahakimu walianza kuita mashauri. Mdai asipoitika, shauri linafutwa kwa kutohudhuria. Bi Faharisi aliwaona kwa macho yake, watu waliofika alfajiri wakafutiwa mashauri wakiwa bado wamesimama kwenye foleni.

Kilichomuudhi zaidi ya yote ni jambo moja ambalo wengine hawakuliona. Kulikuwa na shauri la shamba lililohusu ukoo mzima, watu arobaini kasoro. Kila mmoja wao alikuja dirishani kivyake kuuliza chumba, na kila mara programu ilikimbia mpaka makao makuu kuleta jibu ambalo lilikuwa limeletwa dakika moja iliyopita kwa binamu yake.

Alimfuata mkuu wa kitengo cha kompyuta, bwana mrefu mpole ambaye kila mtu alimwita Injinia.

"Hebu niambie," alisema, "kwa nini tunaenda kuchota maji mtoni kwa kila kikombe? Hatuna ndoo?"

Injinia alitabasamu. "Mama, tumeshaomba laini kubwa zaidi ya mawasiliano. Tuvute subira."

"Tumeivuta mwaka mzima. Itakatika."

"Basi tunga programu wewe mwenyewe," alisema Injinia kwa utani, akarudi kwenye nyaya zake.

Yeye hakulichukua kama utani.

Mkabala na duka la mumewe, aliyekuwa fundi cherehani, kulikuwa na chuo kidogo kilichofundisha kutunga programu siku za Jumamosi. Bi Faharisi alijiandikisha akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa. Siku ya kwanza darasa zima lilisimama, likidhani mwalimu ameingia. Alipokaa dawati la mbele na kutoa daftari, kulizuka minong'ono, naye akageuka na kuwaambia, "Kaeni wanangu. Na mwenye kalamu ya ziada aniazime, yangu imeanza kususa."

Alisoma miezi kumi na minne. Mwanzoni mambo yalimwendea mrama. Alama moja ya mkato ikikosekana, mashine inagoma. Lakini mtu aliyezoea kutafuta karatasi moja kati ya laki mbili hababaishwi na mkato. Kila asubuhi, kabla mumewe hajafungua duka, alifungua kompyuta ndogo juu ya meza ya kupigia pasi na kufanya mazoezi saa moja. Mumewe alikuwa akipima vitambaa pembeni na kumtania.

"Mama watoto, hiyo mashine imekubali leo?"

"Imenitukana kwa Kizungu."

"Basi ijibu kwa lugha ya nyumbani, itaelewa."

Ni katika chuo hicho alipojifunza kuhusu seva ya akiba, na alipoelewa aliinuka kwenye kiti bila kujua kwamba ameinuka. Kumbe ndoo aliyokuwa akiitafuta ilikuwepo siku zote. Seva ya akiba ni kompyuta inayokaa jirani, ndani ya jengo lilelile, na kazi yake ni kukumbuka tu. Programu ya dirishani inaiuliza kwanza yenyewe. Ikiwa jibu lipo, linarudi kabla hujapepesa jicho. Ikiwa halipo, programu inakwenda makao makuu mara moja, inaleta jibu, inampa mwananchi, na hapohapo inaliweka kwenye akiba kwa ajili ya atakayefuata. Haiandiki popote pa kudumu. Kila kitu inakiweka kichwani, na ukiizima imesahau yote.

Kuweka kitu humo kulikuwa na adabu yake. Programu inabisha hodi kwenye seva, kisha inasema: ninataka kuweka, chini ya ufunguo huu, kwa muda wa sekunde kadhaa, mzigo wenye herufi kadhaa. Halafu inautoa mzigo wenyewe. Seva ikiridhika, inajibu kwa neno moja tu, kwamba imeweka. Isiporidhika, inakataa, wala haibembelezi.

Nayo ilimkatalia majuma matatu mfululizo. Alitumia namba ya shauri kuwa ufunguo, jambo ambalo karani yeyote angelifanya. Kila akijaribu, inakataa. Alihesabu herufi za mzigo upya, zikawa sawa. Alibadilisha muda, ikakataa. Mwalimu wake aliangalia na kukuna kichwa. Asubuhi moja dukani, hasira zimempanda, alianza kuisoma namba kwa sauti kama alivyokuwa akiwasomea mahakimu zamani: "Mirathi, nafasi, mia moja na kumi na nne, mkwaju, nafasi..."

Akanyamaza. Nafasi.

Namba za mashauri zilikuwa na nafasi kati ya neno na tarakimu, na seva ilipoona nafasi ilidhani ufunguo umeisha, kilichofuata ikakiona ni takataka. Alizifuta zile nafasi, akaweka kistari mahali pake, akajaribu tena. Neno moja likarudi: imeweka.

Alipiga kelele mpaka mumewe akajichoma sindano.

"Kuna nini?"

"Imekubali!"

"Na mimi imenitoboa," alisema mumewe akinyonya kidole, lakini alikuwa anacheka.

Injinia alipoonyeshwa alivuta kiti akakaa. Aliisoma programu mstari kwa mstari, akauliza maswali matatu, akajibiwa yote. Mwishowe alikwenda stoo, akarudi amebeba kompyuta ya zamani iliyojaa vumbi. "Hii ina kumbukumbu ya kutosha," alisema. "Ikiungua, usiniambie."

Waliiweka kwenye chumba kilichokuwa masjala, pale ilipokuwa safu ya saba. Jumatatu ya kwanza, saa mbili asubuhi, foleni ilianza kama kawaida. Saa mbili na nusu haikuwepo. Walinzi walitoka getini kuja kuangalia, wakidhani milango imefungwa. Ukoo wa lile shamba ulipita madirishani kama maji ya bomba. Mzee mmoja aliyezoea kuja na kigoda chake cha kukalia alisimama katikati ya ukumbi, kigoda mkononi, akiuliza foleni imehamishiwa wapi.

Hapo ndipo Bi Faharisi alipofanya kosa, na yeye mwenyewe hakuwahi kuliita kwa jina jingine.

Mwanzoni alikuwa amepanga kila jibu likae kwenye akiba dakika kumi, kisha liishe. Lakini majibu yalikuwa yanaisha katikati ya msongamano, madirisha yote yanakimbilia makao makuu kwa mpigo, na skrini zinaganda tena kwa dakika mbili tatu. Zilimuudhi hizo dakika mbili tatu. Alitaka foleni ife kabisa. Basi akabadilisha tarakimu moja, na majibu yakawa yanakaa siku nzima. Alijua kwamba mahakimu huhama vyumba mara mojamoja, bomba likivuja au mheshimiwa akiugua. Alijiambia ni mara chache, na kwamba makarani wa mahakimu hutangaza koridoni. Miezi miwili ilipita salama.

Siku moja ya katikati ya juma, fundi viatu mmoja alikuja dirisha namba tatu. Alikuwa mtu wa makamo, mikono imekakamaa kwa gundi na rangi, amevaa koti lililopigwa pasi likapigika. Binti yake alikuwa amefariki, akaacha mtoto wa kike wa miaka sita, naye alikuwa ameomba mahakama impe ulezi wa mjukuu huyo. Upande wa pili, ndugu wa baba wa mtoto walikuwa wanamtaka pia, ingawa hawakuwahi kumjulia hali hata siku moja.

"Chumba cha nne, baba," Bi Faharisi alimwambia. "Saa tatu. Kila la heri."

Alimshukuru, akapanda ngazi.

Saa sita mchana alirudi. Hakuja kwa kishindo. Alisimama tu mbele ya kioo akakunja kofia yake mara mbili, akaikunjua.

"Mama," alisema, "wewe ndiye uliyeniambia chumba cha nne?"

"Ndiyo, baba. Kwani vipi?"

"Nimekaa nje ya chumba cha nne tangu saa tatu. Sijaitwa. Sasa wanatoka kwenda kula, nikauliza, wananiambia shauri langu halikuwa humo."

Bi Faharisi aliandika namba. Skrini ikajibu upesi, kwa ile kasi aliyokuwa akijivunia: chumba cha nne, saa tatu asubuhi. Aliiruka akiba, akauliza makao makuu moja kwa moja. Jibu lilichukua dakika nzima kufika, na alilisoma akiwa ameshika ukingo wa meza. Shauri lilihamishiwa chumba cha tisa saa mbili na dakika kumi. Liliitwa saa tatu na nusu. Mwombaji hakuitika. Limefutwa kwa kutohudhuria.

"Kuna nini, mama?"

Angeweza kusema ni mtandao. Kila mtu katika jengo lile alisema ni mtandao, na hakuna aliyewahi kuulizwa zaidi.

"Shauri lako lilihamishwa chumba," alisema, "na mashine yangu ikakwambia habari ya zamani. Limefutwa. Kosa si lako, baba. Ni langu."

Fundi viatu alisogea karibu na kioo. "Na mtoto?"

Bi Faharisi alifunga dirisha, akazunguka akatoka kwa mlango wa pembeni, akaenda kukaa naye kwenye benchi. Akamwambia kwamba shauri lililofutwa hivyo linaweza kurejeshwa kama kuna sababu ya kuridhisha, na kwamba sababu hiyo yeye mwenyewe ataiandika na kuiapia. Fundi viatu aliuliza kama wakubwa wake watamruhusu.

"Sijawauliza bado," alisema Bi Faharisi.

Injinia alipopata habari aliizima seva mara moja, na hakumlaumu kwa neno hata moja, jambo lililomuuma zaidi. Kesho yake foleni ilirudi mpaka getini. Msajili wa mahakama, mama mnyamavu aliyesoma kila karatasi mara mbili, aliwaita wote wawili ofisini kwake.

"Bi Faharisi," alisema, "nimesikia unataka kula kiapo kwamba mahakama hii ilimpa mwananchi taarifa ya uongo."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Unajua kwamba hati hiyo ikiingia kwenye jalada, upande wa pili utaisoma? Wakili wao anaweza kuomba uadhibiwe. Unaweza kumwaga unga wako, na umebakiza miaka michache tu ustaafu."

"Najua. Lakini nisipoiandika, kitakachobaki kwenye jalada ni kwamba yule baba hakujali kuja. Na ninyi mtamnyima mtoto kwa sababu hiyo. Mimi nimetunza majalada hapa miaka ishirini na sita, mheshimiwa. Sijawahi kuacha uongo ndani ya jalada. Sitaanzia hapo."

Msajili alichezea kalamu. Kisha akamgeukia Injinia. "Na hiyo mashine?"

"Imezimwa, mheshimiwa. Tunaweza kuiacha hivyo."

"Haifai kuiacha hivyo," alisema Bi Faharisi, na Injinia akashtuka. "Foleni nayo inafuta mashauri. Leo asubuhi peke yake yamefutwa matano, nimehesabu. Kwa sababu hayo hayana mtu wa kulaumiwa, hakuna anayeyaita kosa. Mashine haikukosea. Mimi niliiambia ikumbuke siku nzima, ikakumbuka. Nipeni majuma mawili niifundishe kusahau."

Msajili alimwangalia kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata. "Majuma mawili," alisema. "Na haiwashwi mpaka nione kwa macho yangu."

Jioni ileile aliandika hati ya kiapo, ukurasa mmoja na nusu. Hakuremba. Aliandika saa, namba, chumba alichokitaja na chumba sahihi, na sentensi moja iliyosema kwamba mwombaji alikuwepo ndani ya jengo kuanzia kabla ya saa tatu na alifuata maelekezo aliyopewa na karani. Akatia sahihi kwa jina lake kamili, lile la kwenye kitambulisho, na makarani wawili waliobaki ofisini walilisoma kwa mshangao.

Kisha akaanza kazi.

Alijua sasa kwamba kupunguza muda peke yake hakutoshi. Dakika kumi za habari ya zamani zinatosha kumpoteza mtu. Ilibidi anayebadilisha ndiye aseme, hapohapo. Alipanda ghorofani kwa makarani wa mahakimu, mmoja baada ya mwingine, kuona wanavyofanya kazi. Akagundua kwamba karani akihamisha shauri, anaandika kwenye programu yake ya ghorofani, nayo inapeleka taarifa makao makuu. Seva ya akiba kule chini hairambi wala hainusi habari hiyo. Basi akaomba ruhusa ya kuigusa programu ya ghorofani pia. Aliongeza humo mistari michache: baada tu ya makao makuu kuthibitisha mabadiliko, programu inabisha kwenye seva ya akiba na kuiambia ifute ufunguo wa shauri hilo. Atakayeuliza baada ya hapo hatakuta kitu kwenye akiba, na swali litakwenda makao makuu kuleta jibu jipya.

"Na kama amri ya kufuta haikufika?" Injinia alimuuliza. Alikuwa amehamisha kiti chake, anakaa naye masjala siku hizi. "Waya umechomoka, au seva imezubaa?"

Alifikiri. "Basi karani wa ghorofani aone maandishi mekundu, na mabadiliko yasihesabiwe yamekamilika mpaka anipigie simu. Na chochote kilichomo kisikae zaidi ya dakika tano. Kikinusurika kufutwa, kife chenyewe."

"Utarudi palepale. Yataisha yote kwa mpigo saa mbili na dakika tano, madirisha yakimbilie makao makuu."

Hilo lilimkalia kichwani siku mbili. Alilizungumza hata na mumewe, ambaye hakuelewa nusu yake lakini aliuliza, "Kwani lazima wote waende? Si aende mmoja, wengine wamsubiri?"

Bi Faharisi alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza. Siku iliyofuata aliiandika hivyohivyo: jibu likiisha, dirisha la kwanza kugundua linaweka alama ndogo kwenye akiba kwamba limeshatoka kwenda kulileta, na madirisha mengine yanasubiri jibu lake badala ya kutoka yote. Akaongeza pia muda wa kuisha utofautiane kidogo kati ya shauri na shauri, ili yasife yote sekunde moja. Na chini ya kila jibu, kwenye skrini na kwenye kikaratasi anachopewa mwananchi, akaandika saa ambayo taarifa hiyo ililetwa kutoka makao makuu.

Siku ya majaribio aliwaomba makarani wote wa mahakimu wamtege. "Msinionee huruma," aliwaambia. "Hamisheni, rudisheni, hamisheni tena. Atakayenikamata nitampigia saluti."

Walimtega tangu asubuhi mpaka saa saba mchana kwa mashauri ya kubuni, huku msajili akiwa amekaa kwenye kiti cha dirisha namba tatu na miwani yake puani. Mmoja wao, karani mtundu wa chumba cha sita, alihamisha shauri moja mara kumi na moja. Mwingine alichomoa waya kwa makusudi, maandishi mekundu yakatokea, na simu ya masjala ikalia. Mara mia mbili na nne waliuliza. Mara mbili jibu lilikuwa la zamani. Bi Faharisi aliinuka, akapiga saluti mbili, akaenda kutafuta sababu. Karani wa chumba cha kwanza alikuwa bado anatumia programu ya zamani, isiyo na mistari mipya. Wakambadilishia, wakaanza upya tangu mwanzo, mara mia mbili na nne. Safari hii hakuna aliyemkamata.

Msajili alivua miwani. "Iwashe," alisema, akaenda zake.

Ombi la fundi viatu lilisikilizwa siku kumi baadaye. Wakili wa upande wa pili aliisoma ile hati ya kiapo kwa sauti ya dharau, akasema kwamba mahakama isijifiche nyuma ya mashine. Hakimu alimwita Bi Faharisi asimame. Akamuuliza swali moja: kama yeye ndiye aliyeweka muda wa siku nzima, au mashine ilikuja hivyo.

"Niliuweka mimi, mheshimiwa. Nilikuwa na haraka ya kuiua foleni."

Hakimu aliandika kitu. Shauri likarejeshwa. Bi Faharisi alipewa barua ya onyo iliyoingia kwenye faili lake, ya kwanza katika miaka ishirini na nane, naye aliipokea kwa mikono miwili na kuiweka mahali pake. Miezi mitatu baada ya hapo, fundi viatu alipewa ulezi wa mjukuu wake, na ndugu wa upande wa pili wakapewa haki ya kumtembelea, ambayo waliitumia mara moja.

Alirudi dirisha namba tatu kuomba nakala ya hukumu. Safari hii alikuwa na yule mtoto, aliyekuwa anajaribu kusoma kila kibao ukutani kwa sauti. Wakati karatasi inatoka kwenye mashine, fundi viatu aliinama kwenye kioo.

"Siku hizi inasema kweli?"

"Inasema ilichoambiwa mara ya mwisho," alisema Bi Faharisi. "Soma saa iliyoandikwa hapo chini. Ukiona imepitwa, njoo unigombeze."

"Nitakugombeza," alisema fundi viatu, na kwa mara ya kwanza akacheka.

Mwaka uliofuata makao makuu yaliwatuma watu wawili kuja kuangalia kwa nini mahakama ile inauliza maswali machache kuliko zote ilhali ina mashauri mengi. Walikaa masjala siku nne. Walipoondoka, barua ikaja: Bi Faharisi aende akafunge seva kama hiyo katika mahakama nyingine sita. Mumewe alimshonea mkoba wa turubai wa kubebea kompyuta ndogo, wenye mifuko minne na zipu madhubuti, akamwambia akiuchana asirudi nyumbani.

Katika mahakama ya kwanza alikuta makarani watatu wamekaa, madaftari wazi, wakimsubiri awafundishe kuweka taarifa kwenye akiba. Aliwasalimia, akatundika mkoba wake kwenye kiti, akawauliza kwanza ni nani ghorofani hubadilisha vyumba vya mashauri. Wakamtajia. Akasema hafundishi neno mpaka mtu huyo naye ateremke, akakaa kumsubiri.